Kuyeyuka na Kumumunyika: Dolomiti, Chokaa na Jotoardhi Katika Mwambao wa Kisumu na Homa

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuyeyuka, kwa mambo mawili ambayo elimu ya miamba haiwezi kuyachanganya. Nta huyeyuka kwa moto, na chumvi huyeyuka katika maji. Katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara, kwa kuwa msikilizaji aiona nta au aiona chumvi, na ajua ni lipi linalosemwa. Lakini mtu asemapo kwamba mwamba wa mlima Homa uliyeyuka, msikilizaji hana njia ya kujua kinachokusudiwa. Na ajabu yenyewe ni kwamba maana zote mbili ni za kweli. Mwamba huo ulipanda kutoka vilindini ukiwa uji wa moto. Kisha, ulipokwisha kupoa na kuwa mgumu, maji yakaanza kuumega chembe kwa chembe na kuuchukua. Matukio hayo mawili yameachana kwa muda mrefu mno, na lile la pili lingali likiendelea hata leo.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi miamba ya kabonati inavyopata nafasi za kuhifadhi maji ya moto, hasa kwa kazi ya madini yaitwayo dolomiti, na jinsi jambo hilo linavyohusu chemchemi za moto zilizo kusini mwa Ghuba ya Winam. Ili maelezo yasije yakapotea njiani, kuyeyuka kutatumiwa hapa kwa kitu kinachogeuka majimaji kwa joto, na kumumunyika kwa kitu kinachopotelea ndani ya maji. Vivyo hivyo, kuganda kutakuwa ni kwa kilichoyeyuka kikapoa, na kutuama kutakuwa ni kwa kilichomumunyika kikajitenga tena na maji. Mgawanyo huu si mgeni kabisa: mmumunyo ni neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya kemia vya Kiswahili. Kilichopungua ni kulitumia bila kusitasita.

Miamba ya mwambao

Mji wa Kisumu, ambao reli kutoka Mombasa iliufikia mwaka 1901, umekaa kwenye kichwa cha ghuba ndefu iliyochongoka kuelekea mashariki. Ghuba hiyo haikuchimbwa na mawimbi. Imo ndani ya tawi la Bonde la Ufa linaloachana na bonde kuu na kwenda magharibi hadi ziwani, na kandokando ya tawi hilo zimejipanga volkeno kuukuu: Tinderet upande wa mashariki, milima ya Homa na Ruri upande wa kusini, na mabaki ya volkeno kubwa ya Kisingiri ambayo vipande vyake huonekana Rangwa na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano. Mlima Homa hufikia kimo cha takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, yaani kiasi cha mita 600 juu ya uso wa ziwa.

Volkeno nyingi duniani hutoa zaha yenye silika nyingi. Hizi za mwambao zilitoa pia kitu cha nadra, nacho ni kabonatiti: mwamba wa moto ulioumbwa si kwa silika bali kwa kabonati, kama jiwe la chokaa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya asili yake. Wengine walidai kwamba ni chokaa ya kawaida ya baharini iliyopatwa na moto wa volkeno, kwani ilikuwa vigumu kusadiki kwamba mlima waweza kutapika chokaa. Ubishi huo ulipungua nguvu sana baada ya mwaka 1960, wakati J. B. Dawson alipozichunguza zaha za Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, na kuonyesha kwamba zilikuwa kabonati tupu, zenye sodiamu kwa wingi. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1962. Kuhusu Homa, Ruri na jirani zake, kitabu cha M. J. Le Bas cha mwaka 1977 kingali ndicho mahali pa kuanzia kwa kila atakaye kuijua milima hiyo kwa undani.

Zaha ya Lengai ina tabia ambayo yafaa ikumbukwe. Hutoka ikiwa nyeusi, nyepesi kutiririka kama mafuta. Lakini ikiguswa na unyevu hugeuka nyeupe kwa muda wa saa au siku chache tu. Mvua huchukua sodiamu, na kalsiamu hubaki. Katika miaka ya 1984 na 1986 zilitolewa hoja kwamba hata majivu ya kabonati ya vilima vya Tinderet, na baadhi ya miamba ya Homa, yalianza yakiwa ya namna hiyo na kugeuzwa kuwa kalsiti baadaye. Hoja hiyo si ya kumezwa nzima kwa kila mwamba, maana ziko kabonatiti zilizoganda zikiwa kalsiti tangu mwanzo. Hata hivyo yatoa somo moja la msingi: jiwe laweza kubadilishwa mwili wake wote na maji, na bado likabaki na umbo lake la zamani.

Neno chokaa na kazi zake

Huko Koru, chini ya Tinderet, kabonati hii huchimbwa na kuchomwa katika matanuri kwa miaka mingi, na chokaa yake imetumika kusafishia maji ya miwa katika viwanda vya sukari vya uwanda wa Nyando. Machimbo hayo ndiyo yaliyofichua jambo jingine kubwa. Mwaka 1926 Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa na shamba Koru, alikuta mifupa ndani ya jiwe la chokaa; mingine ilikuwa ya nyani wa kale asiye na mkia, ambaye mwaka 1933 A. T. Hopwood alimpa jina la Proconsul. Mifupa ilidumu kwa sababu majivu ya kabonati huizimua asidi ya udongo ambayo kwa kawaida huila mifupa ikaisha. Kwa hiyo kemia ileile itakayojadiliwa hapa chini ndiyo iliyowahifadhi wanyama wa Koru, Songhor na Rusinga.

Neno chokaa lenyewe hubeba mzigo mzito kupita kiasi. Ni jiwe, ni unga uliochomwa, ni rangi ya ukutani, na mara nyingine ni ule utando mweupe unaobaki ndani ya birika. Mvuvi wa Lamu na mchimbaji wa Koru wote huita kitu chao chokaa, ilhali cha kwanza kilijengwa na matumbawe baharini na cha pili kilitoka katika volkeno. Kwa mjenzi, tofauti hiyo ni upuuzi. Kwa anayetafuta maji ya moto ndiyo hesabu yenyewe, kwa kuwa jiwe la bahari hulala kwa matabaka mapana yanayoweza kufuatwa kilomita nyingi, na kabonatiti husimama kama mhimili mwembamba au hujipenyeza katika nyufa. Atakayechimba kisima Homa kwa kufikiri kwamba chini yake pana tabaka pana la chokaa atakuwa amedanganywa na neno.

Dolomiti

Kalsiti ni kabonati ya kalsiamu. Dolomiti ni kabonati ya kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja, nazo hazikuchanganyika ovyo: ndani ya fuwele yake tabaka la kalsiamu hufuatwa na tabaka la magnesiamu, zamu kwa zamu, kama nyuzi za mkeka wa rangi mbili. Jina limetokana na Mfaransa Déodat de Dolomieu, aliyeandika mwaka 1791 juu ya jiwe la chokaa lisilotoa povu upesi linapotiwa asidi. Kipimo hicho kingali kikitumiwa. Tone la asidi hafifu likidondoshwa juu ya kalsiti, povu hufumuka papo hapo. Likidondoshwa juu ya dolomiti, hapana budi jiwe lisagwe kwanza au asidi itiwe moto.

Kuna fumbo ambalo limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne. Maji ya bahari yana magnesiamu na kalsiamu ya kutosha kabisa kutengeneza dolomiti, na miamba ya kale imejaa dolomiti, lakini bahari ya leo haitengenezi dolomiti ila kwa nadra sana. Mwaka 1998 Mmarekani Lynton Land alitoa taarifa ya jaribio aliloliacha maabarani kwa miaka 32 katika joto la sentigredi 25: dolomiti haikutokea hata kidogo. Sababu ni ule mpangilio wa zamu. Katika baridi, chembe hukaa mahali pasipo pake na kuzuia nyingine zisipangike. Mwaka 2023 wataalamu wa Michigan na Hokkaido walionyesha kwamba fuwele hukua upesi zaidi endapo maji yanayoizunguka hubadilika mara kwa mara, yakitia na kutoa, kwa kuwa kila yanapotoa huondoa kwanza zile chembe zilizokosea nafasi. Kwa maneno mengine, dolomiti hujengwa kwa kubomolewa kidogo kidogo.

Joto huurahisisha mpangilio huo. Pale ambapo maji yenye magnesiamu hupita katika kalsiti yakiwa na joto la makumi ya sentigredi au zaidi ya mia, dolomiti huumbika bila kusubiri miaka isiyohesabika. Hapo ndipo somo la madini linapokutana na somo la jotoardhi. Maji ya moto hupita katika mwamba, na kwa kupita kwake huugeuza mwamba.

Ugeuzaji huo hufanyika hivi. Magnesiamu iliyomo majini huchukua nafasi ya nusu ya kalsiamu iliyomo katika jiwe, na kalsiamu iliyong'olewa huondoka na maji. Chembe ya magnesiamu ni ndogo kuliko ya kalsiamu. Kwa hiyo, ikiwa kabonati yote ya mwanzo inabaki mahali pake, mwili wa jiwe hupungua kwa karibu asilimia 13. Jiwe zima lililokuwa na ujazo wa ndoo 100 sasa lina ujazo wa ndoo 87, na nafasi ya ndoo 13 zilizosalia imekuwa vitundu vya kupitisha na kuhifadhi maji. Fuwele za dolomiti nazo huwa na kingo zilizonyooka, hivyo hazikumbatiani barabara, na vitundu vilivyo kati yake huungana.

Hesabu hii hupendwa mno, na yastahili kutiliwa shaka kidogo. Yategemea sharti kwamba maji hayakuleta kabonati yoyote kutoka nje. Maji ya kweli huleta. Yakileta kiasi cha kutosha, dolomiti mpya hutuama ndani ya vitundu vilevile iliyovifungua, na mwamba hubaki mgumu kuliko ulivyokuwa. Ziko dolomiti duniani zilizo kama sifongo, na ziko zisizopitisha hata jasho. Mwanafunzi anayekariri asilimia 13 bila sharti lake atakosea kila mahali isipokuwa maabarani.

Faida ya pili ya dolomiti husemwa mara chache, ingawa labda ndiyo kubwa zaidi. Dolomiti ni ngumu na ni kavu katika kuvunjika kwake. Ardhi ikinyanyuka au ikikatwa na ufa, kalsiti huelekea kujikunja na kujiziba. Dolomiti hupasuka, na mpasuko wake hukaa wazi hata ukilemewa na mzigo wa miamba ya juu. Katika nchi ya Bonde la Ufa, ambako ardhi haijaacha kupasuka, sifa hiyo si ndogo.

Maji yanavyofungua na kufunga

Maji matupu humumunya kabonati kwa shida. Kinachoyapa meno ni hewa ukaa. Hewa hiyo ikiingia majini hutengeneza asidi hafifu, nayo asidi humumunya kalsiti na, kwa mwendo wa polepole zaidi, dolomiti. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kabonati huenenda kinyume cha sukari. Sukari humumunyika zaidi katika chai ya moto kuliko katika maji ya mtungi. Kalsiti na dolomiti humumunyika zaidi katika maji baridi. Kwa hiyo maji yanayopanda kutoka chini na kupoa polepole, yakiwa bado yamebanwa na hewa yake, huendelea kula mwamba njia nzima. Ndivyo yanavyochonga mapango hata mahali ambapo mvua haijafika kamwe.

Namna nyingine ya kufungua nafasi ilielezwa na Mswisi Alfred Bögli mwaka 1964. Maji mawili, kila moja likiwa limekwisha kushiba kabonati na haliwezi kumumunya zaidi, yakikutana na kuchanganyika, mchanganyiko wake huwa na njaa mpya. Hali hii hutokea kwa sababu uhusiano wa hewa ukaa na kabonati hauendi kwa mstari ulionyooka. Matokeo yake ni kwamba mapango hupenda kuwa pale ambapo mikondo ya maji hukutana, mathalani maji ya moto ya chini na maji baridi ya mvua yaliyoshuka kwa ufa.

Lakini kila kinachofungua chaweza kufunga. Maji yakifika juu, mbano hupungua, na hewa ukaa hutoroka kama inavyotoroka chupa ya soda inapofunguliwa. Asidi hupungua ghafla, na kalsiti iliyokuwa imemumunyika hutuama hapo hapo. Mwenye kuchemsha maji ya kisima kila siku aujua ukoko mweupe unaoshika ndani ya sufuria. Ukoko huohuo ndio unaoshika ndani ya bomba la kisima cha jotoardhi, na waweza kulikaba bomba katika muda mfupi. Neno ukoko lafaa sana hapa, kwa kuwa kila mpishi ajua kwamba ukoko haushiki popote ovyo bali pale panapopata moto na kukaukiwa.

Iko hali ya tatu, ya kumumunyika nusu. Maji yakiila dolomiti, huweza kushiba kalsiamu kabla hayajashiba magnesiamu. Basi huendelea kuichukua magnesiamu huku yakiituamisha kalsiamu kama kalsiti. Dolomiti hugeuka kalsiti tena, na vitundu vilivyofunguka zamani huzibwa. Mwamba mmoja waweza kupitia mabadiliko yote haya kwa zamu, na vipande vinavyotolewa kisimani huonyesha tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti.

Kipimo cha nguvu ya maji juu ya kabonatiti chapatikana Mrima, huko Kwale karibu na pwani. Kilima cha Mrima nacho ni kabonatiti, lakini mvua za miaka mingi zimeimumunya kabonati ya sehemu ya juu na kuacha udongo mnene mwekundu wenye niobi, manganizi na madini adimu. Mtu apitaye msituni Mrima hatajua kwamba akanyaga mabaki ya mwamba wa kabonati. Homa ni mlima mchanga kuliko Mrima na mvua yake si ileile, hivyo kabonati ingali ikionekana.

Mifano ya nje na ya karibu

Mfano maarufu wa hifadhi ya jotoardhi katika kabonati ni ule wa Bavaria, nchini Ujerumani. Chini ya mji wa Munich na viunga vyake pana chokaa na dolomiti za bahari ya kale, zilizopasuka na kuliwa na maji. Katika kiunga cha Unterhaching visima vyenye kina cha zaidi ya mita 3,300 hutoa maji yenye joto la sentigredi 122, na nyumba zimepashwa moto kwayo tangu mwaka 2007. Hakuna volkeno hapo. Joto ni lile la kawaida la vilindi, na kilicho adimu ni mwamba unaokubali kuyatoa maji kwa wingi.

Huko Larderello, Italia, ambako mvuke wa ardhi uliwasha taa za kwanza za umeme mwaka 1904, sehemu ya hifadhi imo katika kabonati pia. Nchini Uturuki, kituo cha Kızıldere kilichoanza mwaka 1984 hupata maji yake katika chokaa na marumaru. Hewa ukaa ni nyingi mno, na visima vyake viliziba kwa ukoko wa kalsiti hata ikawa lazima visafishwe mara kwa mara. Kızıldere yafaa kusomwa zaidi kuliko Munich na mtu anayeifikiria Homa, kwani Munich yafundisha ni nini kinachopatikana, na Kızıldere yafundisha ni nini kitakachogharimu.

Karibu zaidi ni Songwe, magharibi mwa Mbeya. Chemchemi za moto za huko zimetuamisha chokaa nyingi hata ikawa machimbo ya kiwanda cha saruji, na kilima cha kabonatiti cha Panda kiko jirani. Chokaa ya Songwe yathibitisha kwa macho kwamba kiasi kikubwa cha kabonati kimemumunyika mahali fulani chini na kuhamishwa. Mahali pale kilipotoka pamebaki pengo.

Homa

Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, ni sehemu ya zaha za silika, na maarifa mengi ya jotoardhi nchini Kenya yamejengwa juu ya miamba ya namna hiyo. Homa imo katika orodha ya sehemu za Kenya zinazodhaniwa kuwa na jotoardhi, lakini hakuna kituo cha umeme kilichojengwa. Dalili zilizo wazi ni chemchemi za moto za kandokando ya mlima, zikiwemo zile za Bala na Abundu. Jina la Bala lenyewe ni maelezo: katika Kijaluo bala ni ardhi ya magadi, ile ambayo ng'ombe huiramba na ambayo akina mama waliitumia jikoni. Waliopapa mahali hapo jina walikuwa wamekwisha kuyapima maji kwa ulimi.

Upande wa mashariki, karibu na Kendu Bay, liko ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi na heroe wa misimu. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa kijiji cha Simbi, kikazama baada ya wenyeji waliokuwa kwenye karamu kumnyima kizee mgeni mahali pa kulala. Wanajiolojia husema ni shimo lililofumuliwa na mvuke wakati magma ilipokutana na maji ya ardhini. Masimulizi hayo mawili hayagombani sana kama inavyodhaniwa: yote mawili yasema ardhi ilifunguka ghafla na maji yakaingia.

Je, dolomiti imo? Imo. Kabonatiti za mwambao si kalsiti peke yake. Zipo zenye dolomiti na zipo zenye chuma, ambazo zikipigwa na hewa hugeuka rangi ya kahawia. Hata hivyo, kuwako kwa dolomiti si ushahidi wa kuwako kwa hifadhi. Maji ya chemchemi za Homa ni ya magadi, yaani yana sodiamu na bikabonati kwa wingi, na maji ya namna hiyo hayawezi kubeba kalsiamu nyingi: bikabonati ikizidi, kalsiamu hulazimika kutuama. Hivyo, karibu na uso wa ardhi, maji haya yaelekea zaidi kuziba kuliko kufungua. Nafasi kubwa, kama zipo, zitafutwe chini zaidi, ambako hewa ukaa bado imebanwa, au katika mipasuko mikubwa inayofuata ufa wa Winam. Magnesiamu nayo ni shahidi wa kuhojiwa kwa uangalifu. Katika maji ya moto sana hupungua, kwa kuwa huingia katika madini ya mwamba. Ikionekana kwa wingi katika chemchemi, mara nyingi ni ishara kwamba maji baridi ya juu yamejichanganya njiani. Sampuli za kiangazi na za masika zikilinganishwa zaweza kuonyesha tofauti hiyo kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na kisima kimoja.

Yafaa pia kutofautisha umeme na joto. Maji yasiyotosha kuendesha mtambo mkubwa huweza kutosha kukaushia omena, ambayo wakati wa mvua huoza mchangani kwa kukosa jua. Kwa mwambao huu, matumizi hayo yaweza kuwa na thamani kuliko nyaya za umeme zinazopita juu ya vichwa vya watu kuelekea kwingine.

Maneno mbele ya baraza

Mambo haya hayawahusu wahandisi peke yao. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliweka jotoardhi isiyochimbwa mikononi mwa Serikali ya Taifa, na ikagawa mrabaha hivi: asilimia 75 kwa Serikali ya Taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jumuiya ya mahali. Kabla ya hapo, Kanuni za mwaka 2003 za kutathmini athari kwa mazingira zilitaka mwenye mradi aitishe mikutano ya hadhara, na tangazo litolewe redioni katika lugha rasmi na lugha za wenyeji. Hapo ndipo msamiati unapokuwa jambo la haki. Mzee anayeambiwa barazani kwamba chokaa itayeyuka chini ya shamba lake ana haki ya kuuliza kama nyumba yake itaungua au itadidimia. Akiambiwa kwamba kabonati itamumunyika, na mumunye ukaelezwa kwa mfano wa chumvi katika chungu, atauliza swali bora zaidi: je, itabaki nafasi kiasi gani, na ni nini kitakachoishikilia ardhi? Akiambiwa kwamba bomba litashika ukoko, ataelewa kwa nini wachimbaji wanataka kutia dawa kisimani, na atauliza dawa hiyo huenda wapi.

Liko pia swali la nani ni jumuiya ya mahali. Sheria huchora mpaka juu ya ardhi. Maji ya moto ya Bala yaweza kuwa ni mvua iliyoingia katika mipasuko ya upande mwingine wa mlima, ikashuka, ikapata joto, ikala dolomiti ya chini ya kijiji cha pili na kutokea katika cha tatu. Katika tabaka pana la bahari, kama lile la Munich, njia hiyo yaweza kukadiriwa kwa ramani. Katika kabonatiti, iliyosimama wima na kukatwakatwa na mipasuko, haikadiriki bila kutia alama katika maji na kungoja yatokee. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kuchimba kisima, na majibu yake, yakiandikwa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, ndiyo yatakayoonyesha asilimia tano ile ni ya nani.